Mistari Mitatu ya Kukubali

Nshamba, Muleba
11 Mei 1944

Mdogo wangu Elieza,

Nakusalimu wewe, na mkeo, na watoto wote. Huku tupo. Mvua imeangusha migomba sita upande wa bondeni, na iliyobaki nimeitegemeza kwa miti. Kokushubila sasa anajua kuhesabu hadi kumi na tisa. Akifika hapo anarudi kumi na moja, akizunguka kama mbuzi aliyefungwa kambani. Tangu mama yake afariki analala na mimi, na usingizini ananipiga mateke kama alivyokuwa akinipiga mwanangu, baba yake, alipokuwa mtoto.

Jumanne Nathanael, karani wa baraza, alinijia na bahasha. Nilimkaribisha akae, nikamletea kahawa ya kutafuna. Akasema ana haraka. Tangu nimjue Nathanael sijamwona akiwa na haraka.

Karatasi ni ya Kiingereza. Nimeliona jina la mwanangu Rwegasira na namba yake ya jeshi, na chini nimeliona jina langu. Mengine siyajui. Unajua mimi misheni nilifundishwa Kiswahili na hesabu na kushona. Kiingereza kilikuja baadaye, kikawa chenu. Nathanael anacho kidogo, au siku ile alitaka kiwe kidogo.

Nampa Ayubu, dereva wa lori la kahawa, akuletee mkononi. Nisomee neno kwa neno. Usinipunguzie kitu. Ulipougua surua nilikubeba mgongoni kutoka kwa tata, baba yetu, hadi misheni, na wewe hukujipunguza uzito. Na hii pia nitaibeba.

Dada yako,
Alistidia


Kibeta, Bukoba
24 Mei 1944

Dada Alistidia, shikamoo.

Barua yako Ayubu ameileta, nami nimefurahi kusikia habari za Kokushubila na hesabu zake. Sisi hatujambo, isipokuwa mtoto wetu wa mwisho anakohoa tangu ukungu wa ziwa uanze. Paa la upande wa jikoni limevuja na nimeliziba.

Dada, ulisema nisipunguze. Kaa kwanza.

Karatasi inasema hivi. Mwezi wa pili meli iliyokuwa imebeba askari wa kwetu kwenda vitani upande wa Bara Hindi ilipigwa na adui, ikazama. Waliookolewa walihesabiwa. Rwegasira hakuwa miongoni mwao, wala mwili wake haukuonekana. Wakubwa wamechunguza na wameona kwamba amefariki. Wanakupa pole.

Pole sana, dada. Nimeandika mstari huu mara nne na mara tatu nimeufuta.

Kuna jambo moja zaidi. Wanataka jibu lako kabla ya mwisho wa Juni. Chini ya karatasi wameandika mistari mitatu, na wewe unatakiwa ukate miwili uache mmoja. Nainakili hapa kama ilivyo:

"I acknowledge receipt of this notice."
"I have no objection to the finding."
"I accept the finding."

Wa kwanza unasema: karatasi imenifikia. Basi. Mkono umepokea, moyo bado haujasema. Wa pili unasema: sina la kupinga, mkiamua hivyo sitasimama njiani. Wa tatu unasema: nakubali kwamba ndivyo ilivyo. Sisi kwa Kiswahili tungesema nakubali mara zote tatu tukaenda zetu, lakini Wazungu wanaiweka mbalimbali, na hapa ofisini kwetu, zinakopita karatasi hizi, kila mstari una njia yake. Ukiacha wa kwanza, jina lake linabaki katika orodha ya wanaotafutwa hadi vita viishe. Ukiacha wa tatu, faili linafungwa, sanduku lake lililobaki kambini linaletwa nyumbani, na habari inaandikwa kila mahali panapohusika.

Mimi, kama ukiniuliza, ningeacha wa tatu. "Accept" ni neno la heshima. Hata wachungaji hulitumia wakizungumza habari za mapenzi ya Mungu. Lakini ni wewe utakayechagua. Karatasi ninayo mezani. Nitakata kama utakavyosema.

Mdogo wako,
Elieza


Nshamba, Muleba
9 Juni 1944

Mdogo wangu Elieza,

Nashukuru kwa kunisomea. Nashukuru pia kwa kuniambia nikae. Nilikuwa nimekaa.

Huku mibuni imezaa vizuri upande wa barabara. Kokushubila amepata kuku wake mwenyewe na amempa jina la mke wa mchungaji, nami nimemwambia akiwa kanisani asimwite kwa sauti. Mtoto wako mpe maji ya moto yenye asali kabla hajala.

Habari ya mistari mitatu nimeielewa, pengine kuliko ulivyodhani. Unamkumbuka yule jirani aliyeingiza ng'ombe wake katika maharage ya tata? Ulikuwa mdogo, lakini ulikuwepo, ulikuwa unachezea mguu wa kiti. Alikuja kuomba radhi na kahawa amefunga katika jani la mgomba. Tata akaipokea kwa mikono miwili. Wakazungumza habari za mvua, za ndizi, za harusi ya mtu, jua likazunguka nyumba, na kahawa ilikuwa bado mkononi mwa tata. Hakuitafuna. Yule mtu alipoondoka aliiona pale kiganjani, akajua. Ilikaa katika kile kisanduku cha tata miezi mingi, hadi siku aliyokutana naye kwenye msiba akaitoa akaitafuna mbele yake.

Basi mstari wa kwanza ni kahawa mkononi. Wa tatu ni kahawa iliyotafunwa. Wa pili sijui ni nini. Labda ni ya mtu aliyeitema nyuma ya nyumba.

Acha wa kwanza, Elieza. Kata miwili.

Sasa nikuambie kwa nini, ili usidhani ni ukaidi wa mama. Siku ya pili baada ya bahasha kuja, shemeji yangu Clavery alifika. Alikaa palepale alipokuwa akikaa marehemu mume wangu Buberwa, nafasi ambayo hakuwahi kuikalia kaka yake alipokuwa hai.

"Shemeji, karatasi imesema nini?"

"Imesema wanamtafuta," nikamwambia, kabla hata sijapata jibu lako.

"Baharini mtu hatafutwi. Si kwamba amepotelea mgombani."

"Wewe bahari umeiona lini, Clavery?"

"Sijaiona. Lakini ziwa naliona kila siku, na ziwa ni mtoto wake."

Kisha akatoka kujinyoosha miguu. Nilimwona kupitia mlangoni akihesabu migomba. Hakutoa sauti, lakini midomo ilikuwa ikicheza.

Simlaumu sana. Ana watoto wa kiume watatu na kipande chake hakitoshi hata kwa mmoja. Lakini wewe unajua desturi ya ukoo wao. Kibanja hiki, nyumba na migomba yake, ni cha Rwegasira, si changu. Mimi nakaa hapa kwa kuwa mwanangu yupo. Siku itakayosemwa hayupo, na ameacha mtoto wa kike tu, kinarudi kwa ukoo, nami natakiwa niondoke na kikapu changu. Buberwa amelala nyuma ya nyumba, na wale wanangu wawili ambao hawakufikisha mwaka wako pembeni yake. Kila Jumamosi nawafagilia.

Kwa hiyo nimekuomba mstari wa kwanza. Nimekuomba muda wa vita. Usinichagulie.

Jambo lingine. Mke wa Ayubu anasema kuna askari Mwislamu wa hapo Bukoba, jina lake Yunus, amerudi na mkono mbovu, na alikuwa katika meli hiyo. Mtafute. Chochote atakachosema, kiandike.

Dada yako,
Alistidia


Kibeta, Bukoba
2 Agosti 1944

Dada yangu mpendwa, shikamoo.

Nakuomba radhi kwa kukawia. Kikohozi cha mtoto kilitushughulisha, kisha mke wangu naye akapata homa, kisha ofisini tukawa na wageni kutoka Mwanza waliotaka kila faili liwe juu ya meza. Sasa wote ni wazima. Asali ilisaidia, mke wangu anakushukuru.

Karatasi imekwenda ndani ya muda wake. Usiwe na wasiwasi juu ya hilo tena.

Yule askari nimemuulizia. Watu wa mtaa wa Bakoba wanasema alipita hapo, lakini watu husema mengi. Nitaendelea kuuliza.

Nakuletea kwa Ayubu sukari na yadi nne za kitambaa cha Kokushubila. Nilichagua chenye maua madogo kwa sababu makubwa yalikuwa yamefifia. Tangu tarehe mosi Julai nimefanywa karani mkuu. Meza yangu sasa iko karibu na dirisha, na asubuhi ninaliona ziwa lote. Najua tata angefurahi.

Uangalie mgongo wako wakati wa kuvuna kahawa.

Mdogo wako,
Elieza


Nshamba, Muleba
20 Agosti 1944

Elieza,

Sukari imefika, na kitambaa. Kokushubila anakushukuru, anasema maua yako hamsini, ambayo ni kumi na tisa.

Hongera kwa meza ya dirishani.

Hukusema ni mstari upi.

Alistidia


Nshamba, Muleba
17 Septemba 1944

Mdogo wangu Elieza,

Nawasalimu nyote. Mvua fupi hazijaanza. Nimevuna kahawa yote ya upande wa barabara, na mgongo ni mzima.

Sanduku limekuja.

Nathanael alilibeba mwenyewe kichwani kutoka barazani, naye ni mzee. Safari hii alikaa. Sanduku ni la mbao, limepakwa rangi ya majani, na namba yake iko juu kwa rangi nyeupe. Nililiweka uani juani kwa sababu lilikuwa na harufu ya unyevu. Nilikaa nalitazama hadi kivuli cha nyumba kikalifikia, ndipo nikalifungua.

Ndani mlikuwa na shati moja ambalo kola yake imegeuzwa. Ameigeuza yeye mwenyewe. Naijua ile mishono mirefu, nilimfundisha mimi na hakuwa na subira. Kitabu cha nyimbo. Kitana chenye nywele. Kamba mpya za viatu ambazo hazijafunguliwa. Mfuko wa kahawa ya kutafuna niliyompa siku anaondoka, na ndani zimebaki mbili. Alizihesabu, nadhani, zimtoshe hadi arudi. Na barua zetu, zangu zote, zimefungwa kwa uzi.

Kumbuka uliniandikia kwamba sanduku huletwa kwa yule aliyeacha mstari wa tatu. Sikukumbuka hilo mara moja. Nilikuwa nimeshika kitana. Nilikumbuka jioni nilipokuwa namenya ndizi, kisu kikasimama.

Siku ya nne Clavery alikuja na wazee wawili wa ukoo, na Nathanael, na tangazo la baraza. Hakukaa kwenye nafasi ya Buberwa safari hii. Alisimama, na kofia ameishika tumboni.

"Shemeji, nimekuja na maneno yaliyoandikwa. Si yangu."

"Yasome."

Akampa Nathanael, naye akasoma kwamba mama wa marehemu amekubali kwamba mwanawe amefariki. Ile karatasi ya Kiingereza imebandikwa nyuma, na jina langu liko pale. Na mkono ulioliandika ni wako, Elieza, ile herufi ya mwanzo ina mkia kama wa panya, tangu ukiwa darasa la kwanza.

"Uliandika wewe?" mzee mmoja akaniuliza.

Ningeweza kusema hapana. Ningesema hapana, wangekuuliza wewe, na ofisini kwako wangekuuliza ni nani aliyeandika jina la mtu mwingine kwenye karatasi ya serikali. Nilifikiria meza yako ya dirishani. Nilifikiria mtoto wako anayekohoa.

Nikasema, "Ni jina langu."

Wamenipa hadi msimu wa senene uishe, niondoke. Clavery alipotoka alisema, "Shemeji, migomba ya bondeni nitaitunza kama ulivyoitunza." Alikuwa anataka kuwa mwema. Nilimwambia miwili kati yake ina ugonjwa.

Lipo jingine. Kati ya zile barua mlikuwa na yako, ya mwaka wa arobaini, kwa Kiingereza. Nathanael alinisomea. Safari hii Kiingereza chake kilitosha. Mwaka ule nilikuomba umwandikie mwanangu asiende jeshini, kwa kuwa alikuwa anakusikiliza wewe kuliko mimi. Uliniambia umeandika. Kweli uliandika. Ulimwambia aende, kwamba mtu mwenye Kiingereza chake jeshini hatabeba mizigo, atakaa na karatasi, na atarudi mtu mkubwa. Na akajibu chini yake kwa penseli, labda ni nakala aliyokuwa anajifunzia: "I accept your advice, Uncle." Nathanael alisema hakuna kosa hata moja.

Mara mbili nimekupa neno unibebee, na mara mbili umefikisha jingine. Sikukasirikii. Natafuta hasira siipati. Nataka tu uniambie.

Dada yako,
Alistidia


Kibeta, Bukoba
8 Oktoba 1944

Dada Alistidia, shikamoo.

Leo sina habari za nyumbani. Mke wangu ameniuliza naandika nini, nimemwambia hesabu za ofisi. Hata hapo nimedanganya.

Yunus nilimpata. Au yeye alinipata, tarehe kumi na sita Juni, wiki moja baada ya barua yako. Alikuja hapa nyumbani mchana, mkono wa kushoto umefungwa. Hakutaka kuingia, tukakaa nje juu ya gogo. Nitakuandikia kama alivyosema, kwa kuwa uliniomba na nikakunyima.

Alisema ilikuwa mchana, jua kali. Wengi walikuwa chini katika chumba kikubwa, na askari wakubwa walikuwa wanasikiliza muziki juu. Yunus alikuwa ametoka kwenda kuswali kwenye upepo. Rwegasira alikuwa chini. Alimwacha ameketi juu ya mfuko wake, anaandika barua ya mtu mwingine, kwa sababu alikuwa anawaandikia wenzake wasiojua kuandika. Yunus alimwambia, "Njoo juu upate hewa." Akamjibu, "Namalizia salamu, hapa bado ni salamu tu." Kisha meli ikapigwa mara mbili. Yunus anasema tangu ilipopigwa hadi ilipozama hakuna aliyeweza kumaliza sala fupi. Wa chini hawakutoka. Hata mmoja.

"Alikuwa anajua kuogelea?" nilimuuliza, sijui kwa nini.

"Bwana karani," akaniambia, "pale hapakuwa na mahali pa kuogelea."

Alipoondoka nilikaa na karatasi yako mezani. Niliona kwamba mstari wa tatu ni wa kweli. Nilijiambia: dada anangoja mtu ambaye hatakuja, na kila mwaka atakaongoja utakuwa mbaya kuliko uliopita. Akikatiwa tumaini mara moja atalia, kisha atapumzika. Habari ya kibanja nilijiambia kwamba Clavery hatapata habari upesi, kwamba baraza ni wazembe, kwamba tutaongea na wazee. Nilijiambia mengi.

Hayo ndiyo niliyokuwa nimepanga kukuandikia, na ni kweli, lakini si yote. Mkuu wa ofisi alikuwa na orodha ya karatasi ambazo hazijarudi, na yako ilikuwa ya juu. Alijua ni ya dada yangu. Alisimama mezani kwangu akasema, kwa upole, "Elieza, natumaini nyumbani kwenu watu wanaelewa." Nafasi ya karani mkuu ilikuwa wazi. Sikutaka nionekane mtu ambaye hata dada yake hamwelewi. Nilichukua rula nikakata mistari miwili. Mikono haikutetemeka. Ningependa kukuambia ilitetemeka.

Na ile barua ya mwaka wa arobaini. Nilikuwa na fahari naye. Alikuwa anaandika Kiingereza kunizidi. Nilitaka mtu mmoja wa nyumba yetu afike mbali, na mimi nilikuwa nimeshaoa, siwezi kwenda. Tangu karatasi yako ilipofika sijalala nikaamka bila kuiona ile barua. Nadhani nilitaka faili lifungwe kwa sababu barua yangu ilikuwa ndani yake.

Nimekwenda barazani mara mbili. Wanasema lililoandikwa na kupokelewa haliandikwi tena. Nimemwendea mkuu wa ofisi. Akanitazama tu, akaniuliza kama nataka kumwambia kwamba jina si la dada yangu. Nikasema hapana. Wewe ulisema ni jina lako. Sijui kama unajua ulichonifanyia.

Njoo ukae kwetu Kibeta. Kuna chumba cha nyuma, paa lake halivuji. Kokushubila atasoma.

Nimempa Ayubu kahawa ya kutafuna, tisa, nimezichemsha mwenyewe na majani yaleyale aliyokuwa akitumia tata, nikazianika, nikazifunga katika jani la mgomba. Sikumpa mke wangu azifanye. Ukiona hazikukauka vizuri ni kwa sababu ya ukungu.

Naomba uzipokee.

Mdogo wako,
Elieza


Ijuganyondo, Bukoba
26 Novemba 1944

Mdogo wangu Elieza,

Nakusalimu, na mkeo, na watoto. Sisi tumefika salama. Utaona juu kwamba siandiki kutoka nyumbani. Nipo hapa Ijuganyondo kwa Zabibu, yule tuliyekuwa tukimuuzia maharage sokoni. Amenipa chumba na kipande cha kulima, na ananiita dada ingawa yeye ni Mwislamu na mimi nina kitabu cha nyimbo kwapani. Kwa miguu si mbali na kwako. Usije bado.

Senene walikuwa wengi mwaka huu. Kokushubila alijaza chupa mbili, akalia kwamba chupa ya tatu haikuwepo. Kuku wake tumemleta.

Kabla hatujaondoka ukoo walimzika Rwegasira. Kwa kuwa hapakuwa na mwili walikata shina la mgomba, urefu wa mtu, wakalifunga nguo ya gome, wakalilaza pembeni ya Buberwa. Mchungaji hakuja, kwa sababu hapendi mambo hayo, lakini alimtuma mkewe na viazi. Niliwaomba wamvishe lile shati lenye kola iliyogeuzwa. Clavery ndiye aliyefunga vifungo. Alivifunga vyote, hata cha shingoni, na Rwegasira hakuwa akikifunga hicho, lakini sikusema.

Nimesoma habari za Yunus. Nimesoma mara nyingi pale mwanangu aliposema hapa bado ni salamu tu.

Sasa nami nikuambie jambo ambalo sikuandika. Ulidhani nilikuwa nangoja. Elieza, mimi sikuwa nangoja. Tangu alipoondoka, mwanangu aliniandikia kila Jumapili ya kwanza ya mwezi. Kuna barua zilizochelewa, lakini hakuna iliyokosekana. Zikija mbili pamoja nilizipanga. Ya Februari ilikuja. Ya Machi haikuja, na ya Aprili ilipokosekana nilitoa mkeka wake nikauosha nikaukunja. Ilikuwa kabla ya bahasha ya Nathanael. Nilipokuletea ile karatasi nilikuwa nimeshalia kilio cha kwanza, nikakimaliza.

Kwa hiyo hukunikatia tumaini. Halikuwepo. Nilikuwa nimekuomba muda tu, wa kukaa na makaburi yangu, na wa huyu mtoto kukua akijua mahali baba yake alipokuwa akicheza. Ungeniuliza ningekuambia. Mimi nami ningekuambia bila kuulizwa, lakini niliona aibu kuomba kitu cha kukaa tu, nikaacha udhani ni cha moyo.

Hilo nalo liwe juu yangu, si juu yako lote.

Kibeta sitakuja kukaa. Siwezi kulala katika nyumba ambayo asubuhi mtu anatoka kwenda kwenye meza ile. Labda mtoto atakapoanza shule. Labda kabla. Mkeo akitaka asali nyingine, Zabibu ana mizinga.

Mengine ni madogo. Mke wa Ayubu amejifungua. Mgongo wangu unauma upande mmoja kwa kubeba sanduku, kwa kuwa nililibeba mwenyewe.

Kahawa yako imefika. Ziko tisa kama ulivyosema, na moja haikukauka. Zina harufu ya nyumbani kwa tata kabisa, nilipofungua jani Kokushubila alidhani kuna mgeni. Nimezichanganya na zile mbili za Rwegasira, sasa ni kumi na moja, na mtoto amezihesabu bila kukosea.

Sijazitupa. Wala sijazitafuna. Naandika kwa mkono mmoja. Zipo katika ule mwingine.

Dada yako,
Alistidia